Mawe ya Mpasuaji

Kokoto la kwanza lilimgonga Wagdi mgongoni akiwa peke yake kwenye chumba cha skani, mlango umefungwa. Aliliokota. Lilikuwa la baridi, na lilinuka magadi na utomvu uliochomwa, harufu ileile ya maiti wa kale aliyelala kwenye mashine mbele yake.

Alijitakia mwenyewe. Dakika tano kabla, Daktari Nagwa wa makumbusho alikuwa amemwonyesha kwenye skrini mpasuo wa ubavuni kushoto, palipotolewa matumbo miaka elfu tatu iliyopita.

"Aliyechana hapa aliitwa na ndugu wa marehemu," alisema Nagwa. "Alipomaliza tu, ndugu walewale wakamfukuza kwa mawe."

"Wamwite wenyewe, kisha wampige?"

"Kazi lazima ifanywe, na aliyeifanya lazima achukiwe."

Wagdi akacheka. "Basi mimi nipigwe mabomu! Huyu bibi nimemkata vipande elfu moja na mia mbili vya picha kwa mashine hii, na kisu sina."

Mdomo ule ulimponza. Mawe yalimfuata hadi nyumbani. Yalidondoka kutoka darini, madirisha yote yamefungwa, yakatumbukia kwenye bakuli la mchuzi wa mlokhia mbele ya mama yake, Haga Inshirah, mjane asiye na mtoto mwingine.

"Mwanangu, umemfanyia nani ubaya?" alinong'ona.

"Maiti, Mama."

Siku ya pili yakawa ya ukubwa wa limau, siku ya tatu ya ukubwa wa ngumi, moja likampasua Wagdi paji la uso, na ubavuni kushoto pakajichora mstari mwekundu uliokuwa ukirefuka kila alipoutazama, na ile harufu ya magadi ikaingia kwenye mkate, kwenye mto wa kulalia, kwenye mate yake mwenyewe, hata akajua kwamba ya siku ya nne yatamuua.

Asubuhi ya siku ya nne akaitwa Shekhe Mitwalli. Alisoma mpaka sauti ikamkauka.

"Jini huyu ni mlinzi wa yule maiti," alisema, jasho likimtiririka. "Hataki jogoo wala ubani. Anataka mpasuaji afukuzwe na mtu wa damu yake. Kokoto moja tu, Haga. Mwambie 'toka', avuke kizingiti, basi."

"Nimpige mwanangu? Bora nikatike mkono!"

"Nirushie, Mama," Wagdi alilia. "Kadogo tu. Nitakufa."

Akatoka hadi uchochoroni, jua la adhuhuri likiwaka. Haga Inshirah akarusha huku akilia, akasema "toka." Kokoto lilimgusa begani, likaanguka.

Wagdi akafunua kanzu: mstari ulikuwa umefutika. Akacheka, akafungua mikono, akakimbilia mlangoni.

"Mama, limekwisha!"

Kwenye kizingiti akasita. Magadi. Harufu ilikuwa inatoka mdomoni mwa mama yake.

"Najua, mwanangu," alisema kwa upole uleule wa kumwita mezani, akainama kuchagua jiwe kubwa zaidi.