Fundo la Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundo alikaa kizingitini akisokota nyaya. Alizichomoa kwenye matairi ya zamani, akazikunja kwa koleo, kisha akazifunga kwa fundo la ukoo wao. Ndiyo maana wakamwita Fundo. Kila ukoo wa wategaji ulikuwa na fundo lake. Ukiliona msituni, unajua mtego ni wa nani, nawe unakaa mbali. Mtego wa mtu hauguswi.

"Wewe umeoa nyaya," mkewe alimtania. "Mimi nilikuja kukusindikiza tu."

Chumba cha uani alipanga mwanamke mmoja, mtafiti wa ofisi ya wanyamapori. Kazi yake ilikuwa kuchunguza watu, siyo wanyama: kwa nini mtu hufanya afanyalo, na hujiona yeye ni nani. Majirani walimwita Daktari wa Mawazo.

Siku moja ofisi ilibandika tangazo barabarani: "Jangili ni adui. Ng'oa mitego!" Fundo alilisoma, akatema mate.

"Mimi ni mtegaji, mwana wa mtegaji. Jangili ni nani, watajua wao."

Wiki ile alitega mara mbili zaidi. Wenzake nao vivyo hivyo.

Kisha binti yake mkubwa alikwenda kuokota kuni, asirudi. Walimpata kesho yake adhuhuri, kando ya kijito. Waya ulikuwa umezama mguuni hadi kwenye mfupa. Hata sauti ya kulia hakuwa nayo. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Muuguzi alimpa Fundo ule waya ndani ya karatasi. Aliufungua, akalitazama fundo lake. Lilikuwa la ukoo wao, ila limezungushiwa kushoto. Yeye alizungushia kulia. Mwenye kuzungushia kushoto alikuwa baba yake, aliyekuwa mashoto. Na baba yake alikuwa kaburini mwaka wa nne sasa.

Jioni Daktari wa Mawazo alimkuta uani, waya mkononi.

"Pole sana, kaka."

"Sijapoa, dada. Marehemu amemkata mguu mjukuu wake."

Mpangaji akaketi chini. "Nikuulize. Mtegaji asiyerudi kuangalia mtego wake mnamwitaje?"

"Mchafu. Mnyama akikuozea mtegoni, ni aibu ya ukoo mzima."

"Baba yako hawezi kurudi tena."

Fundo alisimama kwa hasira. "Unamwita baba yangu mchafu?"

"Hapana. Nasema kazi yake imebaki, na mrithi yupo."

Fundo akaketi tena.

"Mtu ukimwita adui, hushikilia zaidi kile unachomkataza," mpangaji akaendelea. "Hubadilika akiona jambo jipya limetoka kwenye heshima yake mwenyewe. Kurudi mtegoni ni heshima yenu. Swali hili nililiandika tangu mwaka jana. Nikangoja ruhusa ya ofisi ya kuwauliza. Sikupaswa kungoja."

Fundo hakumwambia kuwa amemsamehe.

Asubuhi iliyofuata alipita nyumba kwa nyumba kwa wategaji wenzake. Hakutaja jangili wala ofisi. Aliwaonyesha waya. "Twendeni tukawarudie wazee wetu kwenye mitego yao," alisema. Walikwenda, kila mmoja akitafuta fundo la marehemu wake. Walikuta mifupa mitegoni. Walikuta swala jike amesimama bado, shingo imekatika nusu, inzi wamemjaa. Mzee mmoja alipotambua fundo la kaka yake, alikaa chini akalia kama mtoto.

Ofisi ilibandua lile tangazo. Wategaji wakapewa kibarua cha kupita msituni kila wiki, maana hakuna aliyejua njia za mitego kuwazidi wao. Kina mama wakaenda kuokota kuni, wakarudi na miguu yao yote.

Ilibaki mitego ya Fundo mwenyewe. Mkewe hakumwuliza. Siku moja alirudi na furushi la nyaya begani, akalimwaga kizingitini. Mafundo yote yalikuwa ya kulia.

Binti yake aliegemeza gongo ukutani, akaketi.

"Hizi si zako, baba? Mbona umezing'oa, na wewe u hai?"

"Mimi nilimrudia babu yako," alisema Fundo. "Siku nikifa, mwanangu, nani atanirudia mimi?"

Binti aliutazama mguu wake uliobaki. Kisha akanyoosha mkono, akachukua koleo, akaanza kufungua fundo la kwanza.