Sahani ya Mama Kavugho

"Ondoeni gari yenu. Hapo ni mahali pangu," alisema Mama Kavugho, jirani wa ng'ambo ya maegesho, mkono kiunoni.

"Ni ya wageni wa matanga," alijibu Karimi, bintiye marehemu. "Mtaa mzima wa Whitehall umekuja kumlilia mama yangu. Wewe rafiki yake unakuja kupigania maegesho."

"Rafiki? Bon, haya, rafiki gani anakukatia sahani ya Jumapili bila kusema neno?"

Waombolezaji waliokuwa wakinywa chai ndani walisogea mlangoni mmoja mmoja. Nani alitaka kupitwa?

Nyakio, binti wa Karimi mwenye miaka kumi na miwili, alisimama na trei ya vikombe, macho chini. Habari ya sahani hiyo aliijua vizuri. Nyanya yake, Claris, hakukosa kanisa Jumapili hata theluji ya huku ughaibuni ikifika magotini. Kanisani alimwekea Mama Kavugho kiti kwa kukitandikia kitambaa chake cha kichwa, na ibada ikiisha walirudi pamoja kwa basi wakicheka njia nzima. Kisha alipika chapati na maharagwe. Sahani ya kwanza ilivuka maegesho hadi kwa Mama Kavugho, aliyeishi peke yake.

Nyanya alipougua, Karimi alipika na Nyakio akatumwa kupeleka. Wenzake wa shule walikuwa wakicheza mpira hapo nje.

"Dada wa kuleta piza, yetu iko wapi?" walimtania.

Nyakio aliona haya. Akazunguka nyuma ya jengo, akamwaga chakula kwenye pipa la taka.

"Amesemaje?" Nyanya aliuliza kutoka kitandani.

"Amesema asante."

Ikawa hivyo kila Jumapili, mpaka Nyanya akafariki.

"Nilimtania juu ya sauti yake ya kwaya," Mama Kavugho aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Sahani ikakoma. Nikajua amekasirika, nikabaki kwangu hata niliposikia anaumwa. Donc, basi leo nije kulia kwa mtu aliyenifukuza?"

"Haikukoma," Karimi alisema kwa mshangao. "Nimepika mwenyewe. Nyakio alikuletea."

Wote walimgeukia Nyakio.

"Sikuleta," alisema. "Nilimwaga chakula kwenye pipa la taka. Halafu nilimdanganya Nyanya."

Mama Kavugho aliketi kwenye ngazi. "Aliniulizia?"

"Kila Jumapili. Aliuliza mbona huji kumwona."

Nyakio alitamani mtu amfokee. Hakuna aliyemfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote.

"Nisamehe, Mama Kavugho."

Yule mama aliinuka kutoka ngazini. "Umeninyima kumuaga," alisema. Kisha akamshika bega. "Lakini umesema mwenyewe. Nimekusamehe."

Karimi alimpokea binti yake trei. "Uliogopa kuchekwa na watoto kwa dakika moja," alisema, "ukawatenga watu wawili waliopendana. Uongo wako ulikuwa mdogo mdomoni tu. Jumapili zile hatuwezi kumrudishia Nyanya. Zinazokuja, sahani utaipeleka wewe, mchana, kila mtu akiona."

"Ndiyo, Mama."

Nyakio aliingia ndani. Alichukua kitambaa cha Nyanya, akakitandika juu ya kiti kilichokuwa karibu na meza, kisha akarudi mlangoni.

"Mama Kavugho, nimekuwekea kiti," alisema. "Karibu ndani ule. Chapati bado zina moto."