Nyuso Mbili Kwenye Simu

Haya yalimpata rafiki yetu Patient, wa mtaa wa Kasuku, hapa Kindu. Alikuwa anatafuta kazi, na mtandao wa kazi ukamtaka ajipige picha kwa simu kuthibitisha kwamba ni yeye kweli. Akajifungia katika chumba kimoja cha nyumbani kwake, ambamo, wakati wa vita, wanajeshi walikuwa wakiwatesa watu. Mvua ilipiga mabati, giza likatanda.

Simu ikaandika: "Nyuso mbili zinaonekana. Baki peke yako."

Mke wake, Nicole, akagonga mlango. "Patient, uko na nani mule?"

"Niko mimi tu."

"Sasa huyo anayecheka njo nani?"

Simu ikamwagiza ageuze uso kushoto. Akageuza, akichungulia kioo cha simu kwa pembe ya jicho. Nyuma ya bega lake, uso mwingine haukugeuka. Ulikuwa unamkodolea macho yeye, meno nje.