Nusu Saa ya Bonareri

Kila Ijumaa, nyumba ya Obadiah pale Kiogoro iliamka na kazi. Ijumaa ilikuwa siku ya maandalio. Kuni zilichanjwa, maji yakatekwa, nguo zikapigwa pasi, viatu vikang'arishwa na chakula cha Sabato kikapikwa, yote kabla ya jua kutua. Jua likishatua, jiko haliguswi tena mpaka jua la Jumamosi nalo litue. Bonareri alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa ameishi na sheria hiyo tangu kuzaliwa. Ungedhani kufikia umri huo angekuwa ameelewa kwamba jua halimngojei mtu. Wapi!

Mwaka huo wa 1971 Krismasi iliangukia Jumamosi, siku ya Sabato yenyewe. Mama yake, Jemimah, alikuwa amejifunza kuoka biskuti katika darasa la akina mama. Hazikuwa biskuti za kawaida. Zilikuwa biskuti mbili laini za siagi zilizobanwa pamoja, katikati zimepakwa jemu nyekundu ya mapera, na ile ya juu ilikuwa na tundu dogo ili jemu ionekane. Bonareri alimwomba mama yake amwachie kazi hiyo. Aliomba asubuhi, akaomba jioni, akaomba hata mama akiwa anakamua ng'ombe, mpaka mama akachoka kumsikia.

"Haya, utazioka," Jemimah alisema. "Lakini zote ziwe zimetoka motoni kabla jua halijatua. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia kwa masikio au kwa mdomo tu?"

Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtu mwingine aliyeingoja Krismasi kwa hamu kubwa kuliko wote. Huyo alikuwa Jethro, mdogo wake Bonareri, mwenye umri wa miaka saba. Jethro alikuwa na kigugumizi. Shuleni watoto wenzake walimcheka, naye alikuwa amezoea kunyamaza. Lakini Mzee Zachariah, mzee wa kanisa, alimchagua afungue ibada ya Krismasi kwa kukariri mafungu ya Biblia yanayosimulia habari za wachungaji wa kondoo. Alimwambia, "Ukikwama, pumua, kisha endelea. Sisi tutakungoja." Tangu siku hiyo Jethro aliikariri habari ile mbele ya mbuzi, mbele ya ng'ombe na mbele ya migomba. Baba yake, aliyekuwa fundi cherehani mjini Kisii, alimshonea shati jipya jeupe kwa ajili ya siku hiyo moja.

Ijumaa asubuhi, mama alimtuma Bonareri kwa rafiki yake Bosibori akaazime chupa tupu ya soda, ili itumike kusukumia unga. Nyumba ya akina Bosibori haikuwa mbali. Mama angeweza kumwita kutoka uani na akamsikia. Hata hivyo, Bonareri alirudi jua likiwa utosini. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri sana, mistari imenyooka. Mikononi hakuwa na kitu.

"Chupa iko wapi?" mama aliuliza.

Bonareri alishika mdomo. "Nimesahau."

"Umesahau! Nimekutuma chupa, umeniletea kichwa! Sasa nitasukuma unga kwa kichwa chako?"

Bonareri alikimbia kuileta. Aliporudi, akaanza kazi, na hapo ndipo mama alipopata tabu zaidi. Unga, sukari na siagi vilikandwa vizuri, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kila alipokata duara kwa kikombe, Bonareri alilitazama kwa jicho moja, akaliona limepinda, akalifinyanga tena na kulikata upya. Alitaka ziwe kama zile za kwenye dirisha la duka mjini. Alikuwa amemwahidi Bosibori kwamba hataweza kuzitofautisha na za dukani.

"Mwanangu, zitaliwa," mama alimwambia. "Hazitapigwa picha. Tia motoni!"

Hawakuwa na tanuri. Mama alitia mchanga katika sufuria kubwa, akaiweka jikoni, akatia sahani ya bati juu ya mchanga, akafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Moto ulitoka chini na juu, nazo biskuti ziliiva polepole, mradi kifuniko kiachwe kimefungwa. Bonareri hakuweza kukiacha. Alifunua kuona kama zimeumuka. Alifunua kuona kama zimebadilika rangi. Alifunua kumwonyesha Jethro, ambaye hakuwa ameomba kuonyeshwa kitu. Kila alipofunua, joto lilitoka na majivu yakaingia.

"Hicho kifuniko si dirisha!" mama alipiga kelele. "Kiache!"

Alasiri mvua ilianza, kama ilivyokuwa ikinyesha karibu kila siku. Mawingu mazito yalifunika kilima, na jua halikuonekana tena. Kufikia wakati huo biskuti zote za chini zilikuwa zimeiva na kupoa, lakini zile za juu, zenye tundu, zilikuwa bado mbichi kwenye sinia. Mama alijifunika gunia kichwani, akaenda kukamua. Kabla hajatoka alimwonya Bonareri: "Tazama saa. Ikifika kumi na mbili na nusu, ondoa makaa, hata kama zimebaki."

Saa hiyo ilikuwa saa ya mezani yenye kengele, na ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Bonareri alikwenda sebuleni kuitazama. Wakati ulikuwa umekwisha. Alizifikiria zile za juu kwenye sinia, akamfikiria Bosibori akicheka. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo kiasi kwamba hata nyimbo za majirani wakifungua Sabato zisingesikika. Jethro alikuwa amegeukia ukuta, macho ameyafumba, akinong'ona habari za wachungaji.

Bonareri aliigeuza saa, akazungusha kitufe cha nyuma, na mshale mrefu ukarudi nusu saa. Kisha akakimbia jikoni akatia zile za juu motoni. Safari hii hakufunua kifuniko hata kidogo. Kumbe aliweza!

Baba aliingia amelowa. Alikuwa amejibanza barazani pa duka moja kwa muda mrefu akingoja mvua ipungue. "Giza limeingia mapema," alisema huku akikamua koti lake. "Nilidhani nimechelewa." Alitazama saa mezani, akashusha pumzi. "Kumbe bado tuna muda."

Mama aliporudi na maziwa, naye alitazama saa, akaridhika. Biskuti za mwisho zilitoka motoni, zikapoa, zikapakwa jemu na kufungiwa ndani ya debe la bati. Zilikuwa nzuri kweli. Familia ikakaa, ikaimba na kuomba, ikafungua Sabato. Bonareri aliimba kwa sauti ndogo. Alikusudia kuusogeza mshale mahali pake watu watakapolala, lakini alichoka kwa kazi ya siku nzima, na alipolala hakuamka mpaka asubuhi.

Asubuhi alimkuta baba ameishika saa, anaitia ufunguo.

"Baba," Bonareri alianza.

"Sema."

Kusema kulikuwa kwepesi wakati huo. Neno moja tu, na wangetembea haraka, wangefika. Bonareri alitazama chini. "Hakuna kitu, Baba." Alijiambia kwamba nusu saa si kitu. Watu huchelewa kila mara.

Walitoka wamependeza. Jethro alitembea mbele na shati lake jeupe, midomo yake ikicheza. Njia ilikuwa na tope, nao walitembea taratibu ili nguo zisichafuke. Mama ndiye aliyeshangaa kwanza. "Mbona hatukutani na watu leo?" aliuliza. Walipokaribia kanisa hawakusikia watoto wakiimba. Walisikia sauti ya mhubiri mgeni aliyetoka Suneka, na sauti ile ilikuwa tayari imepanda.

Watoto walikuwa wamekwisha kurudi kwenye mabenchi yao. Mafungu ya Jethro yalikuwa yamesomwa na Momanyi, mtoto wa darasa la nne. Jethro alisimama mlangoni na shati lake jeupe, akatazama mbele pale alipopaswa kusimama, mpaka mama alipomvuta mkono akakaa nyuma. Hakulia. Aliinamisha kichwa na midomo yake ikaacha kucheza.

Ibada ilipokwisha, hasira zilianzia chini ya paa la nje. "Ni hizi biskuti zako, Jemimah," baba alisema. "Wiki nzima nyumba hii ni biskuti, biskuti! Mtu hawezi kupata chai bila kusikia habari za jemu. Sasa tumemwaibisha mtoto mbele ya wageni."

"Biskuti zangu?" Mama aliweka mikono kiunoni. "Mimi niliamka kabla yako! Saa ilisema tuna muda, na wewe mwenyewe uliitazama. Au niliitia unga na siagi ndani?"

"Basi ni yule fundi Okemwa aliyeitengeneza saa hiyo. Jumatatu nitamrudishia saa yake, na atanisikia!"

Bonareri alisimama kando. Mama alikuwa analaumiwa. Fundi Okemwa, ambaye hakuwa hata hapo, alikuwa analaumiwa. Alitamani waache tu, mambo yapite. Ndipo Jethro, ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, akasema: "Si-si saa."

"Unasemaje?" mama aliuliza.

"Wa-walianza mapema ma-makusudi. Ha-hawakutaka nigugumize mbele ya wa-wageni."

Bonareri alimgeukia mdogo wake. Angevumilia kuchapwa. Angevumilia kusutwa mwaka mzima. Lakini hakuweza kuvumilia Jethro aende nyumbani akiamini hivyo.

"Hawakuanza mapema," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Niliirudisha saa nyuma. Za juu zilikuwa bado mbichi."

Baba alimtazama kana kwamba amezungumza lugha asiyoijua. "Uliirudisha nyuma? Saa? Ukatufanya tuvunje Sabato huku tukiimba?"

"Kwa ajili ya matundu ya biskuti!" mama alisema, akapiga makofi ya mshangao. "Ewe Mungu wangu, mtoto huyu ataniua."

Hawakumpiga. Baba alimshika mkono, akampeleka kwa Mzee Zachariah akayarudie yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akatikisa kichwa kwa kuchoka. "Tulikungoja, Jethro," alisema. "Nilisimama pale mbele nikitazama mlango mpaka watu wakaanza kukohoa. Alasiri tutakutana tena. Nafasi yako ipo."

Lakini Jethro alikuwa amejificha nyuma ya mama. "Si-sitaki tena."

Mama alimbembeleza, hakukubali. Baba alimwahidi mambo, hakukubali. Jethro alikuwa amejikaza kwa muda mrefu, na sasa nguvu ile ilikuwa imemwisha. Watu wakaanza kukata tamaa.

"Jethro," Bonareri alisema, "nikisimama mimi kwanza niwaambie wote kwa nini hukuwapo, utasimama?"

Jethro alimchungulia. "Wo-wote?"

"Wote."

"Na Bo-Bosibori?"

"Na Bosibori."

Alasiri kanisa lilijaa tena. Bonareri alienda mbele. Nywele zile alizosukwa kwa muda mrefu hazikumsaidia kitu. Alisema kwamba mdogo wake hakuogopa wala hakuchelewa kwa kosa lake, bali yeye, dada yake, alidanganya saa ili amalize kuoka biskuti. Mtu mmoja nyuma alicheka. Wengine waliguna. Bosibori alitazama miguu yake. Bonareri alirudi kukaa uso ukimwaka moto, kwa aibu aliyoistahili.

Kisha Jethro akasimama. Alianza vizuri. Alipofika kwenye neno "wachungaji" akakwama, na wa, wa, wa zikamjaa mdomoni. Kanisa lilimngoja. Jethro alifumba macho, akapumua, akalisema neno lote, akaendelea mpaka mwisho bila kuruka hata neno moja. Sauti ya "Amina" iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko aliyoipata mhubiri, na baba alipenga kamasi kwa leso mara kadhaa huku akisema ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Wakati wa kurudi nyumbani, mama alitembea na Bonareri nyuma ya wengine. Alikuwa bado amekasirika, na hakuficha.

"Nikuulize," alisema. "Jana ungeniambia, 'Mama, nimechelewa, za juu hazijaiva,' ningefanya nini?"

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza sana. Halafu?"

Bonareri alifikiri. "Halafu tungepaka jemu kwenye zile za chini."

"Tungepaka jemu kwenye zile za chini, tukazila bila tundu, na hakuna mtu ambaye angekufa. Jethro angesimama asubuhi na wenzake. Uliogopa kugombezwa kidogo, ukamtwisha mdogo wako mzigo ambao hakuujua. Wakati hukuurudisha wewe. Wakati ulikwenda zake. Wewe ulituacha nyuma sisi." Mama aliruka dimbwi la maji. "Ukichelewa, chelewa kwa kweli na useme. Anayesema, watu wanamsaidia. Anayeficha, wenzake ndio wanaolipa."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nimekusamehe. Aliye mbele pale ndiye wa kuombwa."

Bonareri aliinua sketi yake, akakimbia ndani ya tope bila kujali viatu, akamfikia Jethro, akatembea kando yake. Ilimchukua muda kulitoa neno. Jethro alimtazama akihangaika nalo, akapunguza mwendo, akamngojea.