Salamu ya Matroni

Haya aliniambia rafiki yangu Marieta, aliyebaki bwenini Mbulu nilipokatishwa masomo.

Jioni ile umeme ulikatika na ukungu ukaziba madirisha. Fausta wa kidato cha kwanza alichemka kwa homa, hajasema neno tangu asubuhi. Kifua chake kilikwaruza kama jiwe la kusagia. Marieta akakimbilia kwa matroni, mama mwenye wajukuu.

“Mama, Fausta anakufa! Ita gari!”

“Tulia, mwanangu. Nimwone kwanza.”

Matroni alimmulika Fausta usoni kwa simu. Mkwaruzo ukakoma ghafla. Simu ikamponyoka, giza likarudi, na Marieta akasikia magoti ya yule mama yakigusa sakafu.

“Shikamoo,” matroni akasema.

Kitandani, Fausta akaitikia taratibu, “Marahaba, mjukuu wangu.”