Waya wa Chumba cha Sadoki

Haya yalimpata rafiki yangu Winnie, fundi umeme, mchana kweupe huko Matema. Mjane mmoja, mama Teodora, alimwita amfungie kifaa cha kupima matumizi ya umeme, maana umeme uliisha upesi na samaki wake wa biashara walikuwa wakimwozea kwenye friji.

Winnie akabana kifaa kwenye waya mkuu, akazima kila kitu. Namba ikagoma kushuka chini ya wati arobaini.

"Mama, kuna taa inawaka."

"Iwake wapi, mwanangu? Labda chumba cha marehemu mume wangu Sadoki, nacho hakifunguliwi mpaka ndugu zake waje kuanua matanga. Tena globu niliitoa mwenyewe."

Winnie akautafuta waya wa chumba kile, akauchomoa. Sifuri.

"Ndaga fijo!" mama akashukuru kwa Kinyakyusa, akishangilia. "Samaki wangu wamepona!"

Chini ya mlango uliofungwa kulikuwa giza tupu. Humo ndani swichi ikalia, ta! Kimya. Ta! Ta! Kama mtu anayehangaika kuwasha taa.

Winnie akakitazama kifaa. Kila swichi ilipolia, namba ilipanda arobaini, ikarudi sifuri, ikapanda tena, na ncha ya waya aliouchomoa bado ameishika mkononi.