Iodini Shingoni mwa Anselme

Jumamosi hiyo soko la Jean-Talon lilifurika watu, na Maryvonne Thivierge, muuza jibini mwenye kofia nyekundu ya sufu na ulimi mwepesi, akamkanyaga mwanamume mrefu aliyebeba tufaha.

"Pole, bwana. Lakini miguu yako nayo imejaa njia nzima!"

"Nisamehe kwa kuja nayo."

Wakacheka. Aliitwa Anselme Quirion, mwalimu wa kemia. Theluji ya kwanza ilipoanguka, haikupita siku bila kupigiana simu.

Februari mambo yakageuka.

"Mpenzi, usije kwangu wiki hii," Anselme alisema kwenye simu, sauti ikikwaruza.

"Una mgeni?"

"Sina. Nitakueleza baadaye."

"Nieleze sasa!"

Anselme akakata simu. Hakuthubutu kutamka saratani mbele ya mwanamke aliyekwisha kumzika mume kwa ugonjwa huohuo.

Kesho yake asubuhi Maryvonne alivaa koti la kijani, akajipaka rangi ya mdomo kama anayekwenda vitani, akasimama chini ya ngazi za chuma za nyumba ya Anselme.

"Anselme! Toka, na huyo mwanamke wako umtoe nimwone!"

Anselme akatokea kwenye baraza ya ghorofa ya tatu. Skafu ambayo hakuivua shingoni tangu Januari, akisingizia baridi, haikuwepo. Kovu jekundu lilikatiza shingo yake.

"Usipande! Nimemeza iodini yenye mnururisho. Ni saratani ya tezi ya shingo, Maryvonne. Walishaikata, hii inamalizia mabaki."

Maryvonne akashika chuma cha ngazi. "Ukaona heri nidhani una mwingine?"

"Niliona umeshalia vya kutosha."

"Machozi ni yangu! Haya, mwalimu, hiyo dawa inafanyaje?"

"Kiini cha atomu ya iodini hii hakijatulia. Nyutroni moja inageuka protoni, elektroni inachomoka. Hiyo ndiyo beta. Inaua seli mbaya papo hapo, haiendi mbali. Na kiini, kwa kuwa kimeongeza protoni, si iodini tena. Kimekuwa zenoni, gesi isiyo na neno."

"Kama haiendi mbali, mbona unanifukuza?"

"Kiini kipya kinabaki na nishati ya ziada, kinaitoa kama mwali wa gamma. Chenyewe kinabaki zenoni ileile, ila mwali unapenya mwili wangu mpaka kwako."

"Ungemeza ile yenye miali ya alfa! Si uliwahi kuniambia karatasi tu inaizuia?"

"Kwa nje. Ndani ya mwili ni kali kuliko hii! Kiini kinatupa protoni mbili na nyutroni mbili kwa mpigo mmoja."

Bibi Lacerte, jirani wa ghorofa ya pili, alikuwa ameshatoka na blanketi mabegani. "Mwoe basi, tunaganda huku!"

"Umesikia?" Maryvonne akapaza sauti. "Utanioa?"

"Nikipona."

"Sikuuliza kupona. Utanioa?"

"Nitakuoa!" Sauti yake mbovu ikavuma mtaa mzima, na majirani barazani wakapiga makofi kwa glavu zao.

Agosti, wakiwa wameshaoana, daktari aliweka picha za vipimo mezani, akasema shingo ni safi, hakuna kilichobaki. Maryvonne akalibusu lile kovu, akambusu mumewe mdomoni, kisha, kwa furaha isiyo na mpaka, akambusu na daktari.